Masweta sitini na kanga arobaini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mzaliwa wa Lushoto, nimekulia Tanga mjini, na huu ni mwaka wa 16 naishi New Jersey, Marekani. Mume wangu ni Myahudi wa hukuhuku. Mimi nimebaki na Ulutheri wangu, ila tulikubaliana tangu mwanzo kwamba watoto watalelewa katika dini ya baba yao. Sinagogi letu ni la Wayahudi wa Reform, yaani wa mrengo wa mageuzi, ambao tangu 1983 wanamhesabu mtoto wa baba Myahudi kuwa Myahudi akilelewa hivyo, hata kama mama si wa dini hiyo. Nayasema haya mapema usije ukadhani kinachonisumbua ni dini. Hayo tulishayavuka. Kinachonisumbua ni masweta.

Binti yetu mkubwa, hapa nitamwita Neema, anatimiza miaka 13, na Desemba atafanya bat mitzva yake. Kwa wasomaji wako wasioijua, ichukulie kama kipaimara chetu. Jumamosi asubuhi mtoto anasimama mbele ya kusanyiko, anasoma Torati kwa Kiebrania, tena kwa kuimba, kutoka kwenye gombo ambalo herufi zake hazina hata irabu, halafu anatoa hotuba kueleza alichokisoma. Kwa wavulana inaitwa bar mitzva. Neema amefanya mazoezi mwaka mzima. Hata mimi nisiyejua herufi moja, siku hizi nikiosha vyombo najikuta naimba mistari miwili. Kisomo chake ni kile cha Yusufu na ndugu zake. Asubuhi hiyo haina neno. Neno liko jioni.

Jioni kuna sherehe ukumbini, kwa mwaliko: DJ, wacheza shoo wa kuwachangamsha watoto, chakula, picha. Mwisho, watoto wakiwa wanatoka mlangoni, kila mmoja anakabidhiwa sweta la kofia, haya wanayoyaita hudi, limechapwa kifuani jina la mwenye sherehe na mgongoni tarehe. Halafu Jumatatu wote wanalivaa shuleni. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini sijaona mtoto aliyeivunja.

Shangazi, mwaka jana binti mmoja wa darasa lao alifanya yake. Neema hakualikwa. Hatukujua hata kama kulikuwa na sherehe. Jumatatu hiyo mvua ilikuwa inanyesha, nikampeleka shule kwa gari. Tulipofika getini tukaona masweta ya kijivu yenye maandishi ya waridi. La kwanza, la pili, kisha kundi zima linashuka kwenye basi. Mwanangu alikuwa ameshashika kitasa. Akakiachia. Akasema, "Mama, zunguka tena." Nikazunguka shule. Tulipofika getini akasema tena, "Zunguka." Nilizunguka mara tatu, vifutio vya kioo vikienda huku na huku, hakuna anayeongea. Mara ya nne kengele ilikuwa imeshalia na uwanja mtupu, akashuka. Mpaka leo hatujalizungumza.

Sasa fikiria nilivyoshtuka. Kitu cha kwanza Neema alichotaka kwa sherehe yake, kabla ya gauni, kabla ya keki, ni masweta. Tena rangi ameshachagua. Sampuli ilipokuja alilala nayo usiku kucha. Asubuhi nikaikuta imekunjamana mgongoni kwake, jina lake kifuani limepata alama ya mto. Nikamuuliza, "Na wale ambao hawataalikwa?" Akainua mabega: "Watazoea." Mwaliko una watoto 60 na darasa lao lina zaidi ya mia. Yule binti wa mwaka jana hayumo, na Neema amesema hata nikilia hataingia.

Mlipaji ni mama mkwe wangu. Sweta moja dola 28, piga mara sitini. Mimi nikiona hesabu hiyo naona ada ya watoto wawili wa dada yangu. Nilimwambia mama mkwe kwa upole kwamba naona ni kujionyesha, na kwamba kwetu tusingevalisha watoto matangazo. Mama mkwe ni mtu mwema, lakini mdomo wake ni wembe. Mama yake mzazi alikuwa mshonaji kwenye viwanda vya nguo vya New York, na yeye hupenda kusema amekulia chini ya cherehani. Akaniangalia, akauliza, "Na zile nguo zako zinazotoka Dar?"

Maana na mimi nina zangu. Nimeagiza Kariakoo doti arobaini za kanga, sare ya kina mama: dada zangu wawili wanaokuja, shangazi za mume, Watanzania wenzangu wa hapa, na kina mama wachache wa sinagogi tuliozoeana nao. Mjini wameshanipelekea mchoro kiwandani, bado kuthibitisha. Jina la kanga nimelichagua mwenyewe, *Asiyekuwapo na lake halipo*, kuwachokoza mawifi zangu wa Tanga ambao kila shughuli yangu wana udhuru. Nikamjibu mama mkwe kwamba kanga ni utamaduni. Akasema, "Kwa hiyo chako ni utamaduni, changu ni uchafu?" Tangu siku hiyo tunaongea habari za hali ya hewa tu.

Mume wangu anasema yeye hayumo, tuyamalize wanawake.

Nikikataa masweta, namnyima mtoto kitu kimoja alichokitaka, na kumnyima bibi yake furaha ya kumpa. Nikikubali, Jumatatu kuna mama mwenzangu atazunguka shule na gari. Mimi siku ya kipaimara changu nilivaa gauni jeupe la kuazima la binti wa mama mkubwa, lilinibana kwapani, na sikuwahi kujisikia mpungufu. Huyu mwanangu ana kila kitu, roho hii ameitoa wapi? Na kuna mtoto alishawahi kumuuliza atakuwaje Myahudi na mama yake anaimba kwaya ya Kilutheri. Anajua uchungu wa kuwekwa nje. Anajua!

Oda ya masweta inafungwa mwisho wa mwezi ujao. Nisaidie.

Mama Neema, New Jersey

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nilikwama palepale, ndani ya gari. Mara tatu mmezunguka, hakuna anayeongea. Naomba tuanzie hapo, hela na mama mkwe vitasubiri kidogo.

Kama nimekuelewa, unaogopa mambo mawili ambayo umeyafunga kitita kimoja. La kwanza, kwamba kuna mtoto asiyejulikana atakayeumizwa Jumatatu. La pili, kwamba mwanao amekuwa mtu usiyemtambua. Yanafanana lakini kila moja linataka dawa yake. La kwanza ni la mpango, mnaweza kulipanga. La pili ni la mazungumzo, na mazungumzo hayo yamechelewa mwaka mzima.

Umeuliza roho hii ameitoa wapi. Mimi sina hakika kama ni roho mbaya. Mtoto aliyeumizwa na kitu mara nyingi hukitaka kitu chenyewe, wala hajafika kwenye kuumiza mtu. Hebu tazama na hili, ambalo wewe mwenyewe umelitaja mwishoni kwa mstari mmoja na kupita: aliulizwa atakuwaje Myahudi na mama yake ni wa kwaya. Huyu ni mtoto ambaye kila mara anadaiwa kitambulisho. Sasa kuna kitu ambacho watoto sitini watakivaa mbele ya shule nzima, jina lake limeandikwa juu yake, na kinasema bila maneno kwamba sherehe ya Kiyahudi ilifanyika na mwenyewe ni huyu. Ningekuwa na miaka 13, na mimi ningelala nacho. Sisemi kwamba hiyo inafuta kile alichokujibu, "watazoea". Neno hilo ni kali. Ila huenda anakwambia alichojiambia yeye mwenyewe aliposhuka kwenye gari peke yake: nitazoea. Muulize. Na usianze na "je, unajua utawaumiza wenzako", maana hapo utajibiwa kwa mabega. Anza na siku ile ya mvua, umwambie wewe ulikuwa unawaza nini nyuma ya usukani. Hajui. Anachojua ni kwamba ulizunguka na hukusema.

Kuna kitu kingine umekipita kwa haraka mpaka nikacheka. Umeandika kwamba kisomo chake ni "kile cha Yusufu na ndugu zake", ukarukia sherehe ya jioni. Mwanangu, kisomo hicho, Mwanzo 37 na kuendelea, kinaanza na nguo! Yakobo anampenda Yusufu kupita wenziwe, anamshonea kanzu, ndugu wanaiona na hawawezi tena kusema naye kwa amani. Wahenga wa Kiyahudi walishalitolea onyo katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho yao, kwamba mtu asimbague mtoto mmoja kati ya watoto wake, kwani ni kwa ajili ya sufi laini ya uzito wa sela mbili tu, ambayo Yakobo alimzidishia Yusufu, ndipo ndugu zake wakamwonea wivu, mambo yakabiringika mpaka baba zetu wakashukia Misri. Sela ilikuwa sarafu. Uzito wa sarafu mbili za sufi! Sweta lenu la dola 28 lina uzito zaidi ya huo.

Lakini taratibu. Ukienda kwa Neema na aya hiyo mkononi kama fimbo, umeshindwa kabla hujakaa. Hotuba ile ni yake. Katika siku nzima hiyo ndiyo saa ambayo mtoto anawafundisha wakubwa, na hapo ndipo ilipo maana ya kutimiza umri. Ninachojiuliza ni kama amesharuhusu mtu kuisoma. Huenda ameandika juu ya ndoto za Yusufu na kanzu hakuigusa. Huenda ameigusa. Mwombe akusomee, usikilize mpaka mwisho, umuulize swali moja tu: anadhani ndugu wangejisikiaje kama Yusufu angeivaa kanzu ile nyumbani tu, asiende nayo kule malishoni walikokuwa? Atakachojibu kitakuwa chake. Inawezekana akakujibu kwamba kosa lilikuwa la Yakobo, Yusufu alipewa tu. Hapo itakubidi ukubali kwamba ana hoja.

Sasa gauni lako la kipaimara. Umelitaja kama ushahidi kwamba zamani watoto walikuwa na shukrani. Mimi nimelisoma vingine. Gauni hilo halikukupunguza kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuazima, na kwa sababu siku ile wote mlikuwa weupe. Kuna habari katika Mishna, kitabu cha sheria za Kiyahudi kilichokusanywa karibu mwaka 200, kwamba katika siku mbili za furaha kila mwaka mabinti wa Yerusalemu walikuwa wakitoka kwenda kucheza katika mashamba ya mizabibu, wamevaa nguo nyeupe za kuazima. Zote za kuazima, hata za wenye nazo, ili asiaibike asiye nayo. Na Talmudi inaongeza kwamba binti wa mfalme aliazima kwa binti wa kuhani mkuu. Kwa hiyo mila ya baba yake Neema na kwapa lako lililobanwa kule nyumbani vinajuana. Je, binti yako anazijua habari za gauni hilo? Mara nyingi sisi tuliotoka mbali tunawaficha watoto yale tuliyoazima, halafu tunashangaa wanadhani kila kitu kinanunuliwa.

Twende kwa mama mkwe. Umemwambia anajionyesha. Yawezekana. Tatizo la karamu za kupita kiasi Wayahudi hawakulianzia Marekani: mwaka 1418 wajumbe wa jumuiya zao za Italia walikutana Forlì wakaweka mipaka ya mavazi na ya karamu, maana watu walikuwa wanashindana. Lakini huyu ni mwanamke aliyekulia chini ya cherehani ya mama yake, mshonaji wa nguo za watu wengine. Leo ana uwezo wa kuvalisha watoto sitini kwa jina la mjukuu wake, mjukuu ambaye watu wanauliza kama ni Myahudi kweli. Sijui moyo wake, wewe ndiye unayekaa naye. Ninachosema ni kwamba "matangazo" na "kujionyesha" ni maneno uliyompa wewe kabla hujamuuliza yeye anaita nini.

Pia kuna kitu ambacho yeye anakijua na huenda wewe umekizoea mpaka hukioni. Kuchapa jina la mtoto kwenye vazi hakukuanza na hudi. Ukiingia sinagogini asubuhi ile, mlangoni kutakuwa na kikapu cha vikofia, kipa, na ukikigeuza kimoja utakuta ndani, kwenye bitana, jina la mtoto na tarehe. Watu huondoka navyo; kuna nyumba zina droo nzima ya vikofia vya sherehe za watu. Sasa linganisha. Jina la kwenye kipa liko ndani, upande wa kichwa, hakuna anayeliona mpaka ukivue. Tena ibada ya Jumamosi haina orodha ya wageni, kwa hiyo yeyote aliyeingia kusali anachukua kipa chenye jina la Neema, hata yule mzee asiyemjua. Sweta linatolewa ukumbini, kwa wenye kadi, na jina liko kifuani. Ni zawadi ya aina ileile, iliyogeuzwa nje ndani. Huo mfano mama mkwe ataupata mara moja bila wewe kumtuhumu, na huenda akakupa mawazo ambayo mimi sina. Kama mnataka kipande cha kwenu mlangoni hapo, kipa za kitenge zinashonwa. Na Wayahudi wa Abayudaya, karibu na Mbale, Uganda, jumuiya iliyoanza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu, wanafuma zao kwa mkono na kuuza mpaka Marekani. Mtoto wa mama Mwafrika, aliyeulizwa atakuwaje Myahudi, akaona kofia za Wayahudi Waafrika kwenye kikapu chake… hilo nakuachia.

Kuhusu njia, niseme ninazoziona na hatari zake, wewe utapima.

Wengi hujaribu kuacha masweta yaende na kukubaliana yasivaliwe Jumatatu. Kuna shule na masinagogi ambayo huwaomba wazazi hivyo. Unaweza kuweka kijikaratasi ndani ya kila sweta, kilichoandikwa na Neema mwenyewe: vaa nyumbani, vaa kulalia, Jumatatu tafadhali acha. Hatari yake unaijua, huwezi kuwasimamia watoto sitini, na picha za usiku ule zitakuwa zimeshazunguka kwenye simu kabla mvua ya Jumatatu haijanyesha. Ila kuna tofauti kati ya kuliona jambo kwenye kioo cha simu na kulikuta getini limevaliwa na basi zima. Na karatasi hiyo itakuwa na maana tu kama imetoka kwake. Ukiiandika wewe, ataona aibu na wenziwe wataicheka.

Njia nyingine ni kubadilisha zawadi iwe ya kuishia ukumbini. Umeshaona vikapu vya soksi pembeni ya uwanja wa kucheza, kwa mabinti waliochoka na viatu virefu? Soksi zenye jina hakuna atakayezitangaza shuleni, zimo ndani ya kiatu. Nafuu pia kwa mfuko. Lakini Neema hakuota soksi. Kama ni wazo lako na la bibi, ataziona kama adhabu ya kosa alilotendewa yeye.

Kualika wengi zaidi? Unaweza, kama ukumbi unatosha na mama mkwe hajachoka. Ila orodha ikiongezwa bado itakuwa na mwisho, na atakayekuwa wa kwanza nje ya mwisho ataumia zaidi kuliko wa hamsini. Na yule binti wa mwaka jana, mimi nisingemlazimisha Neema. Kadi inayotumwa kwa amri ya mama hunuka. Hata hivyo ningetaka kujua kama Neema ana hakika kwamba aliachwa makusudi. Kwenye umri ule, nusu ya orodha hupangwa na mama mtu na meza za ukumbi.

Na hiyo ada ya watoto wa dada yako. Nakuomba usiiweke kwenye mizani na sweta mbele ya mtoto. Ni kweli kwako, lakini yeye atasikia kwamba furaha yake inawanyima binamu zake shule, na mzigo huo si wake. Kama kutoa ndiko kunakokuuma, Wayahudi wana njia zao: shirika liitwalo MAZON, tangu 1985, huwaomba wenye sherehe watenge asilimia 3 ya gharama kwa ajili ya wenye njaa. Bibi huyo nadhani ataelewa lugha hiyo haraka. Desemba kwenu ni baridi, kuna wanaowaomba wageni waje na koti la kumpa asiye nalo, na kwa kisomo cha Yusufu ingekaa vizuri, karibu vizuri mno. Angalia tu isije ikawa pambo la wakubwa. Watoto wa umri huo wananusa wema wa maonyesho kutoka mbali.

Mumeo ambaye "hayumo": yumo. Ni binti yake, mama yake, na mila yake. Alifanya bar mitzva yake mwenyewe, nadhani, na mlangoni alitoa kitu. Au hakuwa na cha kutoa. Au kuna sherehe ambayo hakualikwa. Mpe chai, muulize hilo tu, mbele ya Neema ikiwezekana.

Nimeacha kanga kwa makusudi, maana hapa mama mkwe kakubana, na sidhani kama ulistahili kuponyoka. Umesema kanga ni utamaduni. Ni kweli, na mimi nina sanduku la sare za watu, nyingine wenyewe wameshatangulia mbele ya haki. Lakini wewe umekaa Tanga, unajua mwenye sare na asiye na sare wanavyoketi ukumbini. Unajua kuna mtu hukaa nyuma na kitenge chake cha mwaka juzi, anajifanya anamtazama mtoto. Doti arobaini maana yake kuna mtu wa arobaini na moja. Kina mama wa sinagogi umesema "wachache tuliozoeana nao". Na wale wengine, watakaowaona wachache wamependeza mstari mmoja? Sikwambii uziache. Huenda kanga ndizo zingeweza kukukalisha meza moja na bibi wa watu: zipi zigawiwe asubuhi kwa yeyote atakayekuja, zipi zibaki za ndugu, doti yake yeye aifunge vipi, na mama yake mshonaji akumbukwe wapi. Anajua nguo kuliko sisi wote.

Na umtafsirie jina. Sijui kama umeshamtafsiria. Umenililia ukurasa mzima habari za watoto wasioalikwa, halafu kwenye pindo la kanga arobaini ukaandika *Asiyekuwapo na lake halipo*. Najua ni utani wa mawifi, nimecheka mpaka machozi. Umesema mchoro bado hujathibitisha?

Shangazi